Kuandaa makaa ya mawe ya boila: pima kinachoelea kabla ya kuosha

Lori la tani 30 likipakia makaa ya mawe Mbinga hupita Songea, Makambako, Iringa, Dodoma na Babati kabla ya kushusha huku kwetu Unga Limited, Arusha. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Ikiwa katika kila kilo 100 za mzigo ule kilo 18 ni mawe, mwenye kiwanda amelipa nauli ya tani 5.4 za kitu kisichowaka. Mawe hayo yataingia kwenye boila, yatanyonya joto, yatatoka chini yakiwa bado ya moto, kisha atatafutwa mtu wa kuyasomba kwa toroli na mahali pa kuyamwaga.

Kazi yangu ni kuyatoa mawe hayo kabla hayajafika kwenye moto. Nilisomea uchenjuaji wa madini, na kwa miaka mingi sasa naandaa makaa kwa ajili ya viwanda vya Arusha na Moshi, kazi ya kiasi cha karakana, siyo ya mtambo mkubwa. Vijana wanaokuja kujifunza karibu wote huulizia maji kwanza: pipa liko wapi, bomba liko wapi. Mimi huwapa mizani. Anayeosha makaa bila kuyapima atabakiza mawe aliyopaswa kuyatoa, na papo hapo atatupa makaa aliyoyalipia.

Kwanza jua unachoweza kukitoa na usichoweza. Makaa ya Ngaka, Kiwira na Mchuchuma yote ni ya miamba ya Karoo, ukoo mmoja na makaa ya Afrika Kusini. Makaa ya ukoo huu mara nyingi yana majivu mengi, na sehemu ya majivu hayo imo ndani ya makaa yenyewe: udongo laini ulioingia pamoja na mimea ilipokuwa ikioza kwenye kinamasi. Huo hautoki kwa maji wala kwa chekeche. Kinachotoka ni jiwe la paa na la sakafu ya mgodi lililochotwa pamoja na makaa, na tabaka nyembamba za mwamba zilizopita katikati ya mshipa. Salfa nayo ni hivyo hivyo. Ile iliyo kwenye pairiti, yale madini ya manjano yanayong'aa, unaweza kuipunguza. Ile iliyofungamana na makaa yenyewe utaiacha, hata uoshe mpaka jioni.

Sampuli

Usichote juu ya lori. Safari ndefu hutikisa mzigo, chenga hushuka chini na mabonge hubaki juu, kwa hiyo konzi ya juu itakudanganya. Chota lori linaposhushwa: beleshi mwanzoni, beleshi kila baada ya muda, mpaka tani ya mwisho. Chukua pia pembezoni mwa rundo, maana mabonge hubiringika kwenda nje na vumbi hubaki katikati.

Weka sehemu ndogo kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, hiyo ni ya kupima unyevu, isikauke njiani. Iliyobaki imwage juu ya turubai safi iwe koni, itandaze, igawe robo nne, ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, kisha rudia mpaka upate kiasi unachoweza kukibeba. Ukiona uvivu hapa, acha kazi yote. Kila namba itakayofuata inasimama juu ya sampuli hii.

Kuvunja na kuchekecha

Chukua bonge, livunje kwa nyundo, ulitazame. Ukiona tabaka za kijivu za unene wa kidole, mawe hayo yataachana na makaa ukivunja mpaka milimita 25. Ukiona mistari myembamba kama uzi, hata ukivunja vipi kila kipande kitabaki nusu makaa nusu jiwe, na hapo ujue kuosha kutakusaidia kidogo tu. Usivunje zaidi ya inavyohitajika. Kila pigo la nyundo hutengeneza vumbi, na vumbi ndilo sehemu ngumu kuliko zote kusafisha.

Mabonge makubwa kuliko milimita 50 yachambue kwa mkono kabla ya kuyavunja. Yanyunyizie maji kidogo kwanza. Makaa yakilowa huwa meusi ya kung'aa, jiwe hubaki la kijivu, na mkononi jiwe ni zito kuliko ukubwa wake. Pitisha sumaku ya spika kuu kuu juu ya mzigo, itakamata nati, waya na vipande vya vyuma vya kuchorongea vilivyotoka mgodini.

Kisha chekecha. Mimi natumia machekeche matatu: la matundu ya milimita 25, la 12 na la 5. Wanafunzi huuliza kwa nini tusioshe yote pamoja. Sababu iko kwenye jinsi vitu vinavyozama. Densiti ni uzito wa kitu ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule. Makaa yenye densiti ya 1.4 ndani ya maji hubaki na uzito wa 0.4, na jiwe la densiti ya 2.4 hubaki na 1.4. Gawanya 1.4 kwa 0.4 utapata 3.5. Maana yake, bonge la makaa lililo kubwa mara tatu na nusu kuliko kipande cha jiwe litazama kwa mwendo uleule wa jiwe hilo. Ukiyachanganya, maji hayawezi kuyatofautisha. Ukitenga milimita 5 hadi 12 na milimita 12 hadi 25, kikubwa kuliko vyote katika kila fungu hakifiki hata mara mbili na nusu ya kidogo kuliko vyote, na maji yanapata nafasi ya kupima uzito badala ya ukubwa.

Kuelea na kuzama

Hiki ndicho kipimo kinachoamua kila kitu. Unatumbukiza makaa kwenye vimiminika vya densiti tofauti, unaona kiasi gani kinaelea katika kila kimoja, kisha unapima majivu ya kila fungu.

Wengi hudhani maji ya chumvi yanatosha. Hayatoshi. Chumvi ya mezani ikiyeyushwa mpaka maji yasipokee tena hufika densiti ya 1.20 tu, na makaa safi kabisa yako kati ya 1.25 na 1.35, kwa hiyo karibu kila kitu kitazama na hutajifunza lolote. Sukari inafika 1.33. Kloridi ya kalsiamu inafika karibu 1.40, na ni chumvi za aina hiyo ambazo Henry Bessemer wa Uingereza aliziwekea hataza mwaka 1858 kwa ajili ya kutenganisha makaa na mawe. Kwa karakana, inayofaa ni kloridi ya zinki, kwa sababu inavuka 1.80.

Kloridi ya zinki inaunguza ngozi na macho. Vaa glavu ndefu, miwani na aproni ya plastiki. Mimina unga ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga, maana mchanganyiko hupata moto. Tumia ndoo na vichujio vya plastiki, sufuria ya alumini italiwa. Gramu 460 za kloridi ndani ya gramu 540 za maji hukuletea karibu 1.50, kisha rekebisha kwa haidromita, kile kipima densiti kinachoelea. Huna haidromita? Jaza chupa ya maabara ya mililita 100 hadi kwenye mstari, ipime: kimiminika cha 1.50 kitakuwa na gramu 150, ukiwa umeshatoa uzito wa chupa. Usimwage kimiminika hiki baada ya kazi. Kichuje, kihifadhi kwenye dumu lenye lebo na kufuli, utakitumia tena.

Andaa ndoo nne: 1.40, 1.50, 1.60 na 1.80. Chukua makaa ya fungu moja la ukubwa, yasuuze vumbi, yakaushe, yapime. Anza na ndoo ya 1.40. Yatumbukize kidogo kidogo, koroga taratibu, subiri maji yatulie, kisha toa yanayoelea kwa kichujio. Yaliyozama yachuje, yaache yachuruzike, yahamishie ndoo ya 1.50. Endelea hivyo mpaka ya mwisho. Kila fungu lisuuze kwa maji mengi, maana kloridi iliyobaki itaharibu kipimo cha majivu, kisha likaushe na ulipime.

Majivu hupimwa hivi: saga mpaka yapite chekeche la milimita 0.2, weka gramu 1 kwenye kibakuli cha kauri, ingiza kwenye tanuri baridi, pandisha hadi nyuzi 500 kwa saa nzima, kisha hadi 815, ukae hapo saa moja au zaidi. Kinachobaki ndiyo majivu. Asiye na tanuri apeleke mafungu yake maabara. Gharama yake ni ndogo mbele ya nauli ya lori moja.

Majivu yakitoka, yatazame rangi kabla ya kuyatupa. Meupe au ya kijivu hafifu yanakuambia udongo na mchanga. Yakiwa mekundu mekundu, kuna chuma, na mara nyingi chuma hicho kimetoka kwenye pairiti. Fundi boila mmoja wa Moshi huwa ananipigia akiona dalili kwenye wavu wake.

"Mama, shikamoo. Haya makaa yanaganda, natoa klinka kwa mtaimbo."

"Marahaba, baba. Majivu yake mekundu?"

"Mekundu kama tofali."

Basi nimeshajua nianzie wapi. Chuma huyafanya majivu yayeyuke kwa joto la chini zaidi, yanagandana kwenye wavu kuwa mabonge magumu, ndiyo klinka, na kuziba hewa. Pairiti ina densiti ya karibu 5, ndicho kitu cha kwanza kuzama kwenye pipa, kwa hiyo makaa ya namna hiyo nayaosha hata kama jumla ya majivu si kubwa.

Hesabu

Hapa ndipo ninapokaa na wanafunzi muda mrefu kuliko penginepo. Tuchukue mfano wa kujifunzia, kilo 100 za makaa:

Yanayoelea kwenye 1.40: kilo 38, majivu asilimia 9.
Kati ya 1.40 na 1.50: kilo 24, majivu asilimia 18.
Kati ya 1.50 na 1.60: kilo 12, majivu asilimia 28.
Kati ya 1.60 na 1.80: kilo 8, majivu asilimia 40.
Yaliyozama kwenye 1.80: kilo 18, majivu asilimia 74.

Zidisha kila uzito kwa majivu yake, jumlisha: mzigo mzima una majivu ya asilimia 27.6. Sasa jiulize ukate wapi. Ukikata kwenye 1.80, yaani ukitoa zile kilo 18 tu, unabaki na kilo 82 zenye majivu ya asilimia 17.4. Ukikata kwenye 1.60, unabaki na kilo 74 zenye asilimia 15. Kwenye 1.50, kilo 62 zenye 12.5. Kwenye 1.40, kilo 38 zenye 9.

Tazama unacholipa kila unapoteremka. Kutoka 27.6 hadi 17.4 umetoa kilo 18 za kitu ambacho robo tatu yake ni majivu. Kutoka 17.4 hadi 9 unatupa kilo 44 zaidi, na katika hizo nyingi zinawaka vizuri tu. Kiwanda cha chuma kinachotaka makaa ya koki kinaweza kukubali hasara hiyo kwa sababu majivu yanaharibu kazi yake. Boila ya kuchemshia maji ya kiwanda cha nguo au cha bia haina sababu ya kuikubali. Mwenye mali akikuambia "nitolee makaa yenye majivu chini ya kumi", muoneshe jedwali hili kabla ya kukubali. Nimeona watu wakishangilia makaa meusi yanayong'aa, huku rundo la yaliyotupwa nyuma ya ukuta likiwa kubwa kuliko rundo lililooshwa. Mali ya nchi hii imechimbwa kwa jasho, na kuitupa kwa sababu ya namba nzuri kwenye karatasi kunaniuma.

Jedwali linakuambia jambo la pili: ugumu. Hesabu kiasi kilicho karibu na mahali unapokata, 0.1 chini na 0.1 juu. Ukikata kwenye 1.50, vilivyo jirani ni kilo 24 na kilo 12, jumla asilimia 36. Wachenjuaji huhesabu kuwa jirani wakizidi asilimia 25, kutenganisha ni kugumu mno, kwa sababu vitu vya uzito unaokaribiana vinasitasita, havijui vielee au vizame. Hapo unahitaji mtambo wa maji yaliyochanganywa na unga wa magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, ambao densiti yake inashikiliwa kwa usahihi na unga hurudishwa kwa sumaku ili utumike tena. Ukikata kwenye 1.70, jirani ni asilimia 8 tu. Kazi hiyo hata pipa na mikono inaiweza.

Kwa mfano wetu basi uamuzi ni huo: toa mawe, makaa yabaki.

Pipa la kuchekechea

Mwaka 1892 Mjerumani Fritz Baum alitengeneza mashine inayosukuma maji kwa hewa, yapande na kushuka ndani ya kitanda cha makaa, na mitambo ya namna yake bado inafanya kazi duniani. Sisi tunafanya jambo lilelile kwa pipa. Waliowahi kuchekecha vito Tunduru au Umba wanaijua mbinu hii mikononi, tofauti ni kwamba wao hutafuta kizito kilichokaa chini, sisi tunataka chepesi cha juu.

Kata pipa la lita 200 katikati, au jenga birika la saruji. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50 yenye wavu wa chuma wa matundu yasiyozidi milimita 5, na kamba nne za kuining'iniza kwenye mti mrefu ulioegemezwa kama mkono wa pampu, mgongo usiumie. Jaza makaa unene wa sentimita 15, fungu moja la ukubwa kwa wakati. Shusha fremu kwa kasi kama sentimita 5 ndani ya maji, kisha pandisha taratibu. Inaposhuka kwa kasi, maji huinua kitanda na vipande hupata nafasi ya kupishana. Inapopanda polepole, vizito vinatulia chini. Ukishusha polepole na kupandisha kwa kasi utakuwa unayabana makaa tu.

Endelea mpaka uone tabaka: juu meusi, chini kijivu. Ondoa safu ya juu kwa beleshi bapa. Safu ya katikati, iliyochanganyika, irudishe pamoja na awamu inayofuata. Ya chini usiitoe kila mara. Iache ijikusanye mpaka iwe na unene wa vidole vitatu hivi, kwa sababu kitanda cha mawe chini husaidia awamu inayofuata kutengana vizuri.

Mwisho wa siku pima majivu ya yaliyosafishwa na ya yaliyotupwa. Tuseme mzigo ulikuwa na 27.6, safi ina 18, na takataka ina 66. Toa 27.6 kwenye 66, unapata 38.4. Toa 18 kwenye 66, unapata 48. Gawanya cha kwanza kwa cha pili: asilimia 80 ya mzigo imetoka ikiwa safi. Kwa pipa hiyo ni kazi nzuri, ukilinganisha na 82 ya ndoo za kloridi. Majivu ya takataka yakishuka kuelekea 45, simamisha kazi, unatupa makaa. Kagua mwendo wa fremu na unene wa kitanda kabla ya kuendelea.

Chenga na vumbi

Chini ya milimita 5 situmii pipa. Sehemu kavu ya milimita 1 hadi 5 mara nyingi naichanganya na makaa yaliyooshwa, kwa kiasi, kwa sababu boila ya wavu unaosogea hukubali chenga kidogo lakini zikizidi hudondoka chini hazijaungua na nyingine hupeperushwa kwenye bomba la moshi. Mitambo mikubwa huelesha vumbi laini kwa mapovu: matone ya mafuta ya taa au dizeli hung'ang'ania makaa, dawa ya mapovu huyabeba juu, udongo hubaki majini. Mbinu hiyo inataka makaa mapya. Yaliyokaa juani na mvuani miezi mingi ngozi yake imebadilika, mafuta hayashiki.

Kwa karakana, vumbi ni la kutengenezea tofali za makaa. Molasi inapatikana jirani, kiwanda cha sukari kiko TPC kusini mwa Moshi, na molasi pamoja na chokaa hushikanisha vumbi vizuri. Tofali hizo ni za tanuri na boila. Usimpe mama wa nyumbani akapikie chumbani jioni mlango ukiwa umefungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini.

Maji

Maji ya kuoshea yanazunguka, hayatoki nje. Nina mabirika matatu yanayofuatana: la kwanza linapokea maji machafu, la pili linatulia usiku kucha, la tatu lina maji ya kutumia kesho yake. Udongo laini usipotaka kutulia, shabu kidogo iliyoyeyushwa huukusanya. Jaribu kwanza kwenye chupa ya maji ili ujue kipimo. Tope la chini huchotwa, huanikwa kwenye kitanda cha mchanga, likikauka huingia kwenye tofali kama majivu yake yanaruhusu.

Nalisisitiza hili kwa sababu Unga Limited iko karibu na Mto Themi. Themi unaingia Kikuletwa, Kikuletwa unaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na njiani kuna watu wanamwagilia mboga na kunywesha ng'ombe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua maji, lakini hata bila sheria, maji meusi uliyoyaachia mfereji usiku yatafika kwa mtu asubuhi.

Mawe uliyoyatoa pia yana kesho yake. Majirani huja kuomba kifusi cha kujazia msingi wa nyumba. Kama mawe yana pairiti, kataa. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutengeneza tindikali na kuvimba, na sakafu itapasuka baada ya mwenyewe kuhamia. Yaweke mahali palipoinuka, maji ya mvua yasipite ndani yake, na pima maji yanayochuruzika kwa karatasi ya litmasi.

Kuanika na kurundika

Makaa yaliyooshwa yamwage kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko na mfereji unaorudi kwenye birika la kwanza. Ya milimita 12 hadi 25 huchuruzika upesi, ya milimita 5 hadi 12 yanahitaji muda zaidi. Wakati wa masika, na mwezi wa saba ambapo siku nyingi mawingu ya Arusha hayaondoki hadi mchana, weka paa. Watu huogopa kwamba maji yatakula faida yote. Fanya hesabu: kilo ya maji huchukua takriban megajuli 2.5 kugeuka mvuke. Tani ya makaa iliyobaki na lita 80 za ziada itapoteza megajuli 200, sawa na kilo 8 za makaa yenye megajuli 25 kwa kilo. Ni hasara, lakini ni ndogo kuliko mawe uliyoyatoa. Shida kubwa ya unyevu ni kwamba makaa madogo yaliyolowa hugandana kwenye faneli la kulishia boila, na kwamba mnunuzi anakulipa kwa uzito, naye hapaswi kulipia maji.

Rundo lisizidi mita 2 kwenda juu, lisiegemee ukuta wenye bomba la mvuke, na lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Makaa hujipasha moto yenyewe yakikutana na hewa, hasa yenye chenga nyingi na pairiti. Kila asubuhi chomeka nondo katikati ya rundo, iache kidogo, ichomoe, ishike. Ukishindwa kuishika, fungua rundo kwa beleshi na ulitandaze lipoe. Usimwagie maji kwenye kiini cha moto, mvuke utakuunguza. Vaa barakoa unapofagia, lowesha sakafu kwanza, na sigara isivuke geti.

Mzigo ukitoka, mpe dereva karatasi ya fundi boila yenye mambo haya: mgodi makaa yalikotoka, ukubwa wa vipande, asilimia ya chenga zilizo chini ya milimita 5, unyevu uliopimwa asubuhi hiyo hiyo, majivu na rangi yake. Weka nakala kwako pamoja na kopo la sampuli lenye tarehe, ulitunze mpaka fundi akuletee taarifa kwamba mzigo wote umeshaungua.